Kigoda cha Milansi

Mtoto aliyelelewa visiwani hahitaji kufafanuliwa neno "wanga". Bibi yake amekwisha kumwambia kwamba wanga ni watu wa usiku, wachezao ngoma yao makaburini wenzao wakilala, na kwamba baada ya isha mlango haufunguliwi mpaka ijulikane ni nani abishaye. Kwa hiyo mtu wa pwani anapolisikia kwa mara ya kwanza jina la mji wa Sumbawanga, huko kusini-magharibi mwa Tanzania, sikio lake hukamata nusu ya pili ya jina kabla ya nusu ya kwanza, naye hucheka au hushtuka. Nusu ya kwanza ni ya Kifipa. Kusumba ni kutupa. Wenyeji hulifasiri jina lote kuwa ni amri apewayo mgeni kabla hajapita kizingitini: tupa uchawi wako huko nje, kisha karibu ndani.

Mzaha uliozoeleka nchini huligeuza jina hilo juu chini, ukaufanya mji huo kuwa makao ya wachawi. Ni sawa na mtu aonaye kibao mlangoni kisemacho "vua viatu", akadhani nyumba nzima imejaa tope. Jina la Sumbawanga halisemi ndani kuna nini. Linasema mgeni aingie vipi. Na historia ya Ufipa, ukiisoma tangu ngano zake za kale hadi sahani ya chakula inayoandaliwa leo katika kata ya Kizwite, ni historia ya wageni: nani alikaribishwa, alipewa nini, na mwenyeji alibaki na nini.

Kizwite ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga. Mji wenyewe umekaa juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake humfanya mtu wa Unguja aulizie blanketi la pili. Uwanda wa Ufipa ni kama dari lililoinuliwa baina ya mabonde mawili ya Ufa Mkubwa. Magharibi yake ardhi hushuka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako takriban mita 770 juu ya bahari. Mashariki hukatika ghafla kwenye genge liitwalo Lyamba lya Mfipa, na chini yake limelala Ziwa Rukwa, ziwa la magadi lisilo na mto wa kulitoa maji, linalopanuka na kunywea kwa kufuata mvua za miaka. Kati ya maziwa hayo mawili, juu, ni nchi ya nyasi, vilima na upepo. Miti ni michache, isipokuwa mahali kama milima ya Mbizi, juu ya mji, ambako msitu wa mawingu umebakia na mbega wekundu wangali wakiruka matawini.

Binadamu si mgeni wa jana katika nchi hii. Ukingoni mwa kusini, mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika, na hapo ndipo mpaka wa Tanzania na Zambia. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kuchimba katika miaka ya 1950. Mwaka 2023 watafiti waliorudi mahali hapo walitangaza kwamba magogo mawili waliyoyakuta, moja likiwa limechongwa pengo ili likae juu ya mwenzake, yana umri wa miaka isiyopungua 476,000. Hakuna ujenzi wa miti wa kale zaidi ya huo uliopata kutambuliwa duniani. Waliochonga hawakuwa hata wa jinsi yetu ya binadamu. Maji yaliyolowesha udongo ndiyo yaliyoyahifadhi magogo yao. Basi katika pembe hii ya Afrika kila mtu, Mfipa kwa mpwani, ni mgeni aliyekuta pamekaliwa.

*

Wafipa wana ngano ya namna utawala ulivyoanza, na Roy Willis, mtaalamu wa mila aliyeishi nao mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliisikia kwa wasimulizi wengi, akaifanya nguzo ya kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya dola ya Ufipa. Kwa ufupi ni hivi. Mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alitoka mbinguni, na kao lake likawa Milansi, katikati ya uwanda. Kizazi chake kilitawala hapo. Siku moja mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe: wakija wageni, usiwape kigoda changu. Wageni wakaja kweli, wanawake watatu waliotoka mbali, wamechoka na safari. Wakaomba mahali pa kukaa. Mke hakuona vibaya; akawatolea kigoda cha mumewe. Mwindaji aliporudi akakuta nchi imekwisha kuhama mikono, kwa kuwa aliyekalia kigoda ndiye mtawala.

Kilichofuata ndicho kinachoitofautisha ngano hii na visa vingi vya kupinduana. Hapakuwa na vita. Yalifanyika maafikiano. Wanawake wale wakawa chimbuko la ukoo wa kifalme wa Watwa (wasichanganywe na Watwa wa misituni wa nchi nyingine), ambao dola yao baadaye iligawanyika mbili, Nkansi na Lyangalile. Mtawala wa zamani alipoteza nchi lakini hakupoteza Milansi. Kijiji kikabaki chake, na heshima ya ukubwa wa kwanza, pamoja na mambo ya ibada ya ardhi, ikabaki kwake. Mgeni akatawala, mwenyeji akabaki kuwa mzizi.

Watu wa pwani husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ngano ya Milansi inauliza swali ambalo methali imelinyamazia: mgeni akishachukua kigoda, mwenyeji abakie na nini ili ahesabiwe kuwa amepona? Swali hilo ni la kihistoria, na linaweza kuulizwa juu ya kila kitu kilichowahi kuingia Ufipa: nguo, chuma, nafaka na hata lugha.

*

Karne ya 19 iliwaleta wageni wa kila namna. Katika miaka ya 1840 waliingia Wangoni, baada ya safari yao ndefu kutoka kusini mwa Afrika, na kiongozi wao Zwangendaba alifia Ufipa. Hao hawakuomba kigoda. Baada ya kifo chake wakagawanyika, makundi yakaelekea pande mbalimbali, na uwanda ukabaki na wenyewe. Kisha ikaja misafara kutoka pwani, ikitafuta pembe na watumwa, ikibeba shanga, waya na nguo.

Yuko msafiri mmoja aliyeishia visiwani, ambaye jina lake halina budi kukumbukwa kila Ufipa inapotajwa. James Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyekombolewa kutoka utumwani mwaka 1861, akasoma shule ya wamisionari huko India, kisha akawa mtu wa karibu wa David Livingstone. Mwaka 1872 alipita Ufipa pamoja na bwana wake mgonjwa, wakielekea Bangweulu. Mwaka 1873 alipita tena, safari hii yeye na Susi na wenzao wamebeba maiti ya Livingstone iliyokaushwa, wakiliepuka genge la ziwa na kushika njia ya bara. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Mwaka 1880 akapita mara ya tatu, akiwa mkuu wa msafara wa Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyekuwa akitoka Tanganyika kurudi pwani. Mara tatu kwa miguu! Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882. Livingstone na Thomson wana vitabu vyao. Chuma, aliyeijua njia kuwashinda wote wawili, hakuacha kitabu.

Thomson alistaajabia jambo moja kwa Wafipa: jinsi walivyokuwa watu wa jembe na amani, wameishughulikia mashamba kuliko vita, katika zama ambazo nchi nyingi za jirani zilikuwa zikiungua. Wasafiri wa karne ile waliandika pia juu ya jambo la pili, ambalo msomaji wa pwani anapaswa kulisoma mara mbili. Waliwakuta Wafipa wanafuma.

*

Pamba ilistawi katika nchi za joto zilizo chini ya uwanda, kwenye bonde la Rukwa na ufukoni mwa Tanganyika. Ilichambuliwa, ikasokotwa, kisha wanaume wakaifuma kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa chini, kwenye mambo zilizopigiliwa ardhini. Nguo iliyotoka ilikuwa nzito na ya kudumu. Kwenye baridi ya uwanda huo uzito ulikuwa na maana yake.

Hapa hesabu tuliyoizoea inavunjika. Katika masimulizi mengi ya biashara ya misafara, bara ni nchi ya ngozi na magome ya miti iliyokuwa ikiingoja pwani ije kuivika. Pwani yenyewe ilikuwa ikivikwa na wengine. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na ubalozi mdogo wa Marekani ukafunguliwa Unguja mwaka 1837. Nguo nyeupe ya viwanda vya nchi hiyo ikaenea mpaka ikaitwa kwa jina la kwao, merikani. Kaniki ilitoka India. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, nguo za viwanda vya Uingereza na India zikaingia nafasi ile. Mpagazi aliyepanda Ufipa na mzigo wa merikani kichwani alikuwa amebeba kazi ya mashine za Massachusetts, akiipeleka kwa watu waliokuwa na vitanda vyao vya mfumi.

Wala si Wafipa peke yao walioshindwa katika mashindano hayo. Katika magofu ya Kilwa vimechimbuliwa vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alizisifu nguo zilizofumwa mjini humo na kupelekwa hadi Misri. Wareno waliziona hariri za Pate wakazitamani. Pwani ilifuma kabla ya kununua. Kwa hiyo mpwani anayesoma habari za mfumi wa Ufipa, ambaye kitanda chake kilisimama karne ya 20 ilipokuwa ikipambazuka na vitambaa vya dukani kushuka bei, anasoma habari za babu yake mwenyewe.

Na je, mfumi alibakiwa na Milansi yake? Ni vigumu kusema ndiyo. Nguo huoza. Haikubakia desturi kubwa iliyolazimisha kitambaa cha mkono kwenye harusi au maziko, jambo ambalo lingemfanya walau mzee mmoja katika kila kijiji aendelee kufuma. Kigoda kilichukuliwa na kijiji kikachukuliwa. Hiyo ndiyo hasara kamili, na ndiyo isiyo na kelele, maana hakuna gofu la kuionyesha.

*

Chuma kiliacha magofu. Katika mashamba ya Ufipa, hadi karne hii, msafiri huweza kuona minara ya udongo mwekundu iliyosimama peke yake kama vichuguu vilivyonyooka kupita kiasi. Ni matanuri ya kuyeyushia chuma, ambayo Wafipa huyaita malungu. Moja ni ilungu. Lililo zima hufikia mita tatu hivi kwenda juu. Chini lina matundu yaliyopitisha mirija ya udongo, na uwazi wa juu ndio uliopokea makaa na mawe ya chuma kwa zamu.

Ustadi wake ni kwamba halikuvukutwa. Urefu wenyewe ulifanya kazi ya dohani: hewa ya moto ikipanda, hewa mpya ikivutwa kwa nguvu kupitia matundu ya chini, na moto ukajilisha wenyewe kwa siku kadhaa bila mtu kushika mivukuto. Kilichopatikana kilikuwa bonge lililochanganyika na taka. Likavunjwavunjwa, likapelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi, hadi chuma kikawa safi cha kumfaa mhunzi. Majembe yakatoka hapo. Jembe lililimia, likanunulia, likaoea.

Lakini mafundi hawakuliona ilungu kuwa chombo tu. Kwao lilikuwa mwanamke, na chuma kilikuwa mtoto atakayezaliwa. Tanuri jipya lilipambwa kama mwali. Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, na kwa siku zote za kuyeyusha mafundi walijitenga na wake zao, maana aliye na mke wa ilungu hawezi kulala kwa mwingine bila kuiharibu mimba. Aliyezoea fumbo la ushairi wa pwani, ambamo chombo baharini ni mke na nahodha ni mume, hatalishangaa fumbo hili. Tofauti ni kwamba mafundi wa Ufipa hawakuliimba tu; walilitii kwa miili yao.

Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Jembe la dukani lilikuwa rahisi, na makaa yalidai miti mingi katika nchi yenye miti michache. Mwaka 1937 ofisa wa Kiingereza, R. C. H. Greig, aliandika juu ya uyeyushaji wa Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Baadaye wataalamu wengine, kina J. A. R. Wembah-Rashid, Bertram Mapunda na Randi Barndon, waliyapima malungu na kuwasikiliza wazee waliokumbuka. Kwa hiyo chuma kilinyang'anywa kigoda, ila kijiji kimekibakia: minara iko, na elimu yake imeandikwa. Hofu iliyopo ni ya mvua na jembe. Udongo usioezekwa huliwa na kila masika, na shamba la mahindi husogea mwaka kwa mwaka karibu na ukuta. Mkulima asogezaye shamba hana kosa. Ana watoto wa kulisha, na ukuta ule hajaambiwa na mtu kwamba ni kitu.

*

Mahindi ndiye mgeni aliyepokewa kwa shangwe kuliko wote. Kabla yake nafaka ya Ufipa ilikuwa ulezi, na ulezi ulikuwa na kilimo chake. Katika nchi isiyo na misitu ya kufyeka na kuchoma, Mfipa aligeuza nyasi yenyewe kuwa mbolea. Alikata mapande ya ardhi pamoja na majani yake, akayarundika kuwa tuta la mviringo, intumba, majani yakifukiwa ndani yaoze. Juu ya tuta alipanda maharage. Msimu uliofuata alilitawanya tuta, na kwenye udongo ule uliokwisha kunona akasia ulezi. Ilikuwa sayansi kamili ya mbolea bila mfuko wa dukani. Ulezi wenyewe una hirizi yake: hukaa ghalani miaka kadhaa bila kubunguliwa. Mwenye ghala la ulezi alikuwa na akiba dhidi ya njaa ya mwaka kesho na keshokutwa.

Mahindi yalitoka mbali sana. Yalianza kufugwa na binadamu kusini mwa Meksiko, kwenye bonde la mto Balsas, yapata miaka 9,000 iliyopita, na katika pango la Guilá Naquitz, jimboni Oaxaca, yamepatikana magunzi yenye umri wa miaka zaidi ya 6,000. Baada ya Wahispania na Wareno kuvuka Atlantiki, nafaka hiyo ilizunguka dunia. Jina letu la mahindi linaonyesha upande tuliodhani imetokea: tulimhesabu mgeni kwa jahazi alilokujia, si kwa nchi aliyozaliwa.

Hata hivyo mahindi yalisafiri bila mpishi wake. Huko Oaxaca na kusini mwa Meksiko kwa jumla, punje huchemshwa na kulowekwa katika maji ya chokaa, zikavuliwa ganda, ndipo zikasagwa. Chokaa hiyo hufungua vitamini iliyofungika ndani ya punje. Wasiojua siri hiyo na wakala mahindi matupu, kama maskini wa Italia na wa kusini mwa Marekani zamani, waliugua maradhi ya ngozi na akili. Ujuzi huo haukufika Afrika Mashariki, ingawa chokaa pwani haikukosekana kamwe. Kilichotusaidia ni kitoweo. Na hapa sahani ya Kizwite ina jambo la kueleza. Ugali wa mahindi huandamana na maharage, na maharage nayo ni wa Bara la Amerika: yalifugwa Meksiko na katika milima ya Andes. Ndugu wawili waliotenganishwa na bahari wamekutana tena katika sinia moja, uwandani Ufipa, pembeni wakiwekewa mgebuka wa Tanganyika au samaki wa Rukwa aliyepandishwa genge. Mahali padogo pamekusanya dunia bila kujisifu.

Mahindi yalishika nchi kwa nguvu katika miaka ya 1970. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, watu wakahamishiwa vijijini, na Serikali ikanunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga, aliyekuwa mbali na Dar es Salaam kuliko karibu wote, akalipwa sawa na aliye jirani na soko. Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa inayolisha taifa, na imebaki hivyo hata baada ya bei hiyo moja kufutwa na Mkoa wa Katavi kumegwa mwaka 2012. Barabara ya lami kutoka Tunduma ilipokamilika katika muongo wa 2010, magunia yakapata mteremko.

Lakini amri ya jina la mji haikufuatwa na mgeni huyu. Karne nne baada ya mahindi, mwanga wake akamfuata. Dumuzi, mdudu wa asili ya Meksiko na Amerika ya Kati alaye punje mpaka zibaki unga, aligunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaenea ghala kwa ghala. Mwaka 2017 wakaingia viwavijeshi vamizi, nao kutoka Bara la Amerika, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuwapata. Mkulima aliyekwisha kuuacha ulezi akajikuta ananunua dawa kulinda ghala ambalo babu yake aliliacha wazi na kulala.

Pamoja na hayo, ulezi haukufukuzwa kijijini. Mahindi yamechukua kigoda cha kila siku, lakini pombe ya sherehe na ya wazee bado humtafuta mwenye ulezi. Wenye kuuguza watoto huupikia uji. Huyo ndiye mtawala wa Milansi hasa: hana nchi, lakini bila yeye shughuli haijatimia.

*

Amebaki mgeni mmoja wa kuhesabiwa, naye ndiye aandikiwaye makala haya. Kiswahili kilipanda Ufipa na misafara, kikakaa na wamisionari wa Kikatoliki waliopokea kituo cha Karema mwaka 1885, kikaingia shule na baraza, na leo mtoto wa Kizwite hununua chumvi kwa Kiswahili, hujibu mtihani kwa Kiswahili, na huota, pengine, kwa Kiswahili. Hakikuja kwa upanga. Kiliomba mahali pa kukaa kikapewa kigoda. Watu wa pwani hulifurahia jambo hilo, na wana haki ya kulifurahia. Ila waliokwisha kupoteza vitanda vyao vya mfumi hawapaswi kusahau mwenye nyumba hubakia na nini.

Kifipa kina hazina ya ngano, vitendawili na maneno ya hekima. Willis alizikusanya baadhi katika miaka ya 1960 na kuzichapisha Oxford kwa Kiingereza mwaka 1978. Ngano za Ufipa zilisafiri hadi Ulaya kabla ya kushuka Kilwa au Pemba. Kiswahili, kilichokalia kigoda, kinadaiwa kazi hiyo: kuzisikiliza ngano hizo kutoka kwa wenyewe, kuziandika kwa Kifipa chao, kisha kuzifasiri kwa ajili ya wengine, na jina la mwenye ngano liandikwe juu. Hiyo si sadaka. Ndiyo maafikiano yaleyale ya kale: mgeni atawale, Milansi ibaki.

Wasimulizi wengine humlaumu mke wa mwindaji kwa ukarimu wake. Laiti angekumbuka onyo! Lakini nchi iliyowekea mlango wake jina la kumtaka mgeni atupe uchawi haikuwa nchi iliyotaka kufunga mlango. Mke yule aliwaona watu wamechoka akawapa pa kukaa. Kosa, kama lipo, ni la mgeni anayeketi kitini mwa mtu mpaka akasahau kuwa alipewa.